Lamu au Malindi? Mji na mtaa wa kuanzia kwa anayehamia Kenya

Anayehamia Pwani ya Kenya kutoka nchi nyingine hufikiria Mombasa kwanza. Akishaona msongamano na kodi za nyumba, huanza kuulizia upande wa kaskazini, na hapo majina mawili hutajwa kwa zamu: Malindi na Lamu. Yote ni miji ya Waswahili, yote ni ya kale, na kwa mtu wa Tanga, Unguja au Moroni lugha haitampa taabu popote. Ndiyo maana wengi huchagua kwa moyo tu, kwa picha walizoona au kwa kuwa kuna shangazi aliyeolewa huko. Miezi miwili baadaye ndipo simu zinaanza kupigwa.

Mimi makazi yangu ni Malindi na upande wa mama ni Amu, yaani Lamu, kwa hivyo upendeleo ninao, ila ni wa pande zote mbili. Ninachoamini ni kwamba mtaa una uzito kuliko mji. Langoni na Shela, zote za kisiwa cha Lamu, zimetenganishwa na mwendo wa dakika arobaini hivi kwa miguu, kandokando ya bahari, lakini anayeishi huku na anayeishi kule hawafanani kwa chakula, kwa majirani wala kwa pesa wanayoihitaji ili mwezi uishe. Wa Langoni akihamia Maweni ya Malindi atazoea upesi kuliko akihamia Shela.

Mambo ya kupimia

Nitayapima haya, kwa mpangilio wa uzito ninaoyapa mimi: karatasi za kukaa nchini, riziki, nyumba pamoja na maji yake, njia na hospitali, shule, majirani, usalama. Mwenye watoto watatu ataipandisha shule juu. Mstaafu anayerudi kutoka Ghuba na pensheni yake ataishusha riziki hadi chini kabisa. Panga orodha yako kabla ya kuendelea kusoma, la sivyo utajikuta umeikubali yangu bila kujua.

Karatasi

Hapa miji haitofautiani mwanzoni, kwa sababu sheria ni moja. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia bila viza na kwa kawaida hupewa hadi miezi sita. Aliye nje ya Jumuiya, Mkomoro kwa mfano, aangalie kanuni za eTA, ruhusa ya kusafiri inayoombwa mtandaoni, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024 na ambayo baadaye nchi nyingi za Afrika zilisamehewa. Lakini kuingia si kukaa. Anayepitisha siku 90 anatakiwa ajiandikishe apate kadi ya mgeni, na kazi au biashara inataka kibali, hata kwa Mtanzania. Nafuu ya raia wa baadhi ya nchi za Jumuiya ni kwamba hawatozwi ada ya kibali hicho; ombi lenyewe liko palepale.

Aliye nje ya Jumuiya na anataka biashara yake mwenyewe ataambiwa habari ya kibali cha daraja G, linalodai uthibitisho wa mtaji usiopungua dola 100,000. Kijiduka cha vitambaa kilichopangwa kwa akiba ya miaka miwili huishia hapo. Mwenye umri wa miaka 35 na kuendelea, mwenye kipato cha uhakika kisichotokana na kazi ya Kenya, anaweza kuomba daraja K, nalo halimruhusu kuajiriwa.

Ardhi nayo: Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kuwa na ardhi ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Ardhi ya kilimo ni ngumu zaidi, kwa kuwa inapitia bodi ya usimamizi wa ardhi na sheria inaibania bodi hiyo mkono kwa mgeni. Ukionyeshwa ploti ya umiliki wa milele na kuambiwa itaandikwa jina lako la pasipoti ya kigeni, shukuru kwa soda uende zako.

Mji unaingia pale karatasi zinapohitaji mwili wako. Maombi yenyewe ni ya mtandaoni, lakini alama za vidole hazitumwi kwa simu, na ofisi kubwa ya uhamiaji ya Pwani iko Mombasa. Kutoka Malindi ni kilomita 120 hivi: unatoka alfajiri, na ukijaliwa unarudi kabla ya magharibi. Kutoka Lamu ni boti, kisha basi, kisha nyumba ya kulala wageni. Kama faili lako bado lina mashimo, na utaitwa mara kwa mara kuongeza hiki na kile, Malindi inakupunguzia gharama ambayo watu hawaihesabu.

Riziki

Lamu ni mji wa kazi za kurithishana. Uundaji wa mashua, useremala wa milango ya nakshi, uashi wa chokaa, uvuvi, kuongoza watalii: kila kazi ina watu wake, na watu hao wanajuana hadi kwa babu. Fundi mgeni akiwa hodari ataheshimiwa, ila kazi ya kwanza ataipata kwa kupelekwa na mtu. Bandari mpya ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, iliamsha matumaini mengi. Sijaona bado mgeni akifika pale na bahasha ya vyeti akatoka na ajira. Kazi za kaunti, ambazo ndizo tegemeo la nyumba nyingi, zinakwenda kwa wananchi.

Malindi inanunua zaidi. Anayesuka nywele, anayeshona, anayetengeneza simu, anayepika biriani ya oda, hupata mteja bila kuulizwa ukoo. Kaskazini ya mji, Gongoni na Marereni, kuna mashamba ya chumvi. Ufukweni kuna hoteli na majumba ya Waitaliano, ambao walianza kuzoeleka hapa miaka ya 1960 walipojenga kituo chao cha kurushia roketi za angani huko Ngomeni. Kitaliano cha ufukweni kimewalisha vijana wengi wa mji huu, na kuna wazee wa soko wanaohesabu kwa lugha hiyo haraka kuliko kwa Kiingereza.

Kasoro ya Malindi ni msimu. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, mji una pesa. Masika yakishuka na kusi kuanza, kati ya Aprili na Juni, hoteli hufunga au hubakisha walinzi na watunza bustani. Aliyefika Januari akapata kazi ya jikoni hotelini asipange maisha yake kwa mshahara ule. Auhesabu kuwa mshahara wa sehemu ya mwaka. Shela ya Lamu ina ugonjwa huohuo. Langoni hauna kwa kiasi hicho, kwa sababu Langoni inauziana yenyewe kwa yenyewe.

Nyumba na maji

Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, inampumbaza kila mgeni. Kuta nene za matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, zidaka za ukutani, kiwanda (yaani ua) cha wazi katikati, na baridi ya kupendeza saa nane mchana nje kukiwaka. Yote kweli. Kisha ujue mambo mawili. La kwanza ni warithi: nyumba moja inaweza kuwa ya watu kumi na wawili, mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah, na unayemlipa wewe ni yule aliyebaki na ufunguo. Nyingine ni wakfu kabisa. Uliza nani anasaini kwa niaba ya wenzake, na uione idhini hiyo kwa maandishi. La pili ni kwamba Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo hutoboi dirisha wala huongezi choo bila ofisi ya Makumbusho kujua. Kwa mpangaji hiyo si adha kubwa. Kwa anayekodi gofu miaka ishirini ili alifufue, ndiyo habari yote.

Maji ya kisiwa yanatoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela. Mengine ni ya visima vya majumbani, na hayo mara nyingi yana chumvi. Usikubali nyumba kwa kuona mfereji unatiririka. Kinga kiganja, onja, kisha uliza ya kunywa yanatoka wapi na kwa mtungi ni pesa ngapi.

Malindi ina uwanja mpana wa kuchagua: chumba cha ua wenye choo cha pamoja, bedsita, fleti ya vyumba viwili, nyumba nzima yenye miembe, hadi majumba ya Casuarina ambayo wenyewe wako Milano na wanataka mtu wa kuwashia taa. Kwa sababu nyumba ni nyingi, madalali nao ni wengi. Ada ya kuonyeshwa nyumba ipo, na si kosa kuilipa, lakini ilipwe ukiwa umesimama mlangoni, si kabla. Ukishaingia ndani, tazama mita ya stima. Nyumba nyingi za vyumba zina mita moja kwa wapangaji wanne au watano, na tokeni hununuliwa kwa kuchangishana. Mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawa. Ugomvi wa ua mzima unaanzia hapo, na mgeni ndiye wa kwanza kutuhumiwa. Tafuta penye mita ya peke yako hata kama kodi imepanda kidogo.

Maji ya mfereji ya Malindi yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki, yale yale yanayokwenda Kilifi na Mombasa. Ni matamu. Hukatika pia, wakati mwingine kwa siku kadhaa, kwa hivyo nyumba isiyo na tangi ni nusu nyumba.

Njia, mzigo na hospitali

Hapa ndipo miji inapoachana kweli.

Chukua friji. Malindi, unalinunua dukani, unalipakia kwenye tuktuk au pikapu, na kabla chai haijachemka limefika. Kulipeleka Lamu, lori linalishusha Mokowe, upande wa bara. Hamali wa Mokowe wanaliteremsha hadi kwenye boti, na wao wana bei yao. Boti ina bei yake. Ng'ambo, kwenye gati la Lamu, wale wa Mokowe hawavuki. Wako hamali wengine, na mkokoteni, na kama nyumba iko ndani vichochoroni mkokoteni unakwama kwenye kona fulani, linabebwa kichwani kwa bei mpya. Kila mkono unalipwa wake. Zidisha hilo kwa saruji, mchele, kitanda, gesi, utaelewa kwa nini kitu kilekile Lamu kina bei nyingine. Magari hayaingii mji wa Lamu, na ingawa pikipiki zimefika kisiwani, vichochoro vya Mji wa Kale vimebaki vya miguu na punda. Wanaopenda utulivu huo wanaupenda sana, nami nawaelewa.

Barabara ya kutoka Malindi kupita Garsen na Witu hadi Mokowe imewekwa lami miaka ya karibuni, na safari iliyokuwa ya kutwa imekuwa ya saa chache. Lakini ina vizuizi vya polisi. Karibu na kila kizuizi kondakta hupita akisema, "Vitambulisho mkononi, wajameni," na abiria wote huteremka, hupanga foleni, hupita kwa miguu wakionyesha kadi, kisha basi huwafuata mbele. Mwenyeji hata haachi maongezi yake. Mgeni mwenye pasipoti iliyogongwa muhuri unaosomeka hupita vilevile. Mwenye muhuri uliokwisha muda hubaki pale. Na mvua zikizidi, mto Tana hufurika: mwishoni mwa 2023 barabara ilikatika upande wa Gamba, wasafiri wakavushwa kwa mashua mahali ambapo jana palikuwa na lami. Ndege ipo, uwanja uko kisiwa cha Manda, na bado utapanda boti.

Kuhusu hospitali nitasema bila kuzunguka. Lamu ina hospitali ya kaunti, King Fahd, na kwa malaria, kujifungua kwa kawaida na mshono wa kidole inatosha. Shida ikiwa ya daktari bingwa, mgonjwa hupewa rufaa ya kwenda bara, na rufaa hiyo inaanza kwa kuvuka maji, pengine usiku. Malindi ina hospitali ya serikali iliyo kubwa zaidi, zahanati na hospitali za binafsi kadhaa, na Coast General ya Mombasa iko mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari lisilosimama. Mwenye mzee anayeugua moyo, au mwenye mimba yenye historia mbaya, asishawishiwe na kuta za matumbawe. Popote utakapokaa, uliza mapema habari ya kujiandikisha SHA, bima ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa sababu itataka kadi ya mgeni, na kadi hiyo haipatikani kwa siku moja.

Shule

Miji yote miwili ina shule za serikali na za binafsi, na mwaka wa masomo unaanza Januari. Malindi ina za binafsi nyingi zaidi, za bei zote. Lamu ina nguvu ya madrasa: mtoto anayetakiwa asome dini kwa utulivu, alelewe na macho ya mtaa mzima, Lamu itamlea. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa, kutoka Moroni au Bukavu, atapata tabu ya Kiingereza kote, na Malindi ni rahisi kumpatia mwalimu wa masomo ya ziada. Atahitaji pasi ya mwanafunzi. Usingoje shule ifunguliwe ndipo uulize.

Majirani

Lamu utaulizwa. Siku ya tatu au ya nne, bibi wa nyumba ya mkabala atakuita barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Moroni, bibi."

"Moroni kwa nani?"

Na usishangae akawa anamjua huyo nani, au anamjua nduguye. Kuna watu wanaosikia joto ya kukaribishwa katika swali hilo, na kuna wanaosikia kubanwa. Ujijue mwenyewe kabla hujalipa dipoziti. Ukishajulikana Lamu, ukiugua utaletewa uji, ukisafiri nyumba yako italindwa, na ukichelewa kurudi usiku itajulikana pia. Mavazi yanatazamwa, ya mke na ya mume. Pombe haiuzwi ovyo. Wasio Waislamu wapo, makanisa yapo, na wanaishi na watu vizuri, ila sauti ya mji ni moja na kila mtu anaisikia.

Ugeni wenyewe Lamu si jambo jipya. Habib Swaleh, mwanachuoni wa dini, alikuja kutoka Ngazija katika karne ya 19, akakaa na watu wa kawaida upande wa Langoni, nje ya mji wa mawe wa wenye majina yao. Msikiti wake wa Riyadha uko upande huohuo hadi leo, na Maulidi yake, mwishoni mwa Mfungo Sita, yanaleta watu kutoka Pwani nzima na visiwani. (Usitafute nyumba wiki hiyo. Hata baraza hupati.) Nimeona zaidi ya mara moja kwamba mgeni asiye na jina huanza vizuri Langoni kuliko Mkomani.

Malindi haiulizi. Mswahili, Mgiriama, Mbajuni, Mjaluo, Mkikuyu, Msomali, Mwitaliano, wote wamo na wote wana mahali pa kulia na kucheza. Unaweza kukaa mwaka mzima ukijulikana kwa jina la "yule wa nyumba ya kona". Kwa aliyekimbia maneno ya ukoo kwao, hiyo ni raha. Kwa mama aliyebaki peke yake na watoto huku mume akisafiri, inaweza kuwa upweke mzito, kwa maana hakuna atakayegundua kuwa leo hakufungua dirisha.

Usalama

Jina la Lamu limebeba mzigo wa habari za vita. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yaliua watu zaidi ya sitini, na tangu hapo kumekuwa na matukio upande wa bara, kuelekea msitu wa Boni na kwenye baadhi ya vijiji na barabara. Mji wenyewe, kisiwani, una utulivu unaomshangaza anayetoka jiji kubwa; watoto hucheza vichochoroni baada ya isha. Tenganisha mambo mawili hayo: hatari ya kaunti na hatari ya mtaa wako. Anayetaka shamba Hindi au Witu anaishi na hesabu nyingine kabisa kuliko anayekodi Langoni.

Malindi haina mzigo huo. Ina wizi wa mji wa kitalii, simu kunyakuliwa, nyumba ya ufukweni kuvunjwa mwenyewe akiwa hayupo. Dawa za kulevya zimeumiza miji yote miwili. Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, hospitalini, jambo linaloonyesha ukubwa wa tatizo na pia kwamba kuna wanaohangaika nalo. Kabla ya kukodi, pita mtaani saa tatu usiku utazame maskani ya vijana iko wapi na nani wanakaa hapo.

Mitaa yenyewe

Tahadhari kwanza: kuna Shela mbili. Ya Lamu ni kijiji cha mchanga mweupe, kimejaa majumba ya kifahari ya wageni wa Ulaya, na kodi zake zinafuata mifuko yao. Ya Malindi, ambayo wengi huiandika Shella, ni mtaa wa kale wa Waswahili, wa misikiti na nyumba za familia, karibu na bahari ya mjini. Mtu akikutumia ujumbe kwamba amekupatia chumba Shela kwa bei ya kutupa, muulize ni ipi kabla hujapiga vigelegele.

Lamu, Mkomani inamfaa anayependa historia na ana pesa ya kutengeneza kuta, au mwenye ukoo pale tayari. Langoni ina maduka, kelele, bei za kibinadamu na watu wa asili nyingi. Wiyoni na Kashmir ni mitaa ya kukulia kwa mji, nyumba za kisasa za matofali, vichochoro vipana kidogo. Haina mvuto wa picha, na wenyeji wenzangu wengi huko ndiko wanakojenga. Mokowe, ng'ambo ya bara, ina gari, ina ofisi za kaunti, na friji lako linafika mlangoni. Watu huidharau kwa kuwa si kisiwa. Mimi ningekuwa na mali ya dukani, ningeanzia hapo.

Malindi, Shella ni kwa anayetaka Malindi yenye desturi za Lamu. Maweni ni mtaa wa watu wengi na kazi nyingi, kodi nafuu, usingizi kidogo. Kisumu Ndogo ni nafuu zaidi, na mvua kubwa ikinyesha angalia maji yanapita wapi kabla hujaamua. Ngala kuna nyumba za watu wa mshahara, ua, geti, mita yake. Muyeye inakua haraka, ila migogoro ya ardhi ni ya miaka mingi. Kupanga sawa, kununua utulie. Casuarina ni ya wenye gari au wenye kazi hukohuko, kwa sababu tuktuk ya usiku itakumaliza.

Kwa hali yako

Unakuja peke yako, kijana, na utatafuta kazi kwa mikono: Malindi, Maweni au kandokando yake, na ufike Oktoba, kabla ya msimu, ukiwa na kibali mkononi. Una fundi wa Lamu anayekujua na kazi yako ni ya mbao, ya mashua au ya chokaa: nenda Langoni, na yeye akutangulie kuzungumza.

Familia yenye watoto wa shule ya msingi, mzazi mmoja akiwa nje ya nchi: hapa ninasita, na nimewashauri watu tofauti mambo tofauti. Kama mama ana ndugu hata mmoja Lamu, Lamu. Kama hana, Shella ya Malindi au Ngala, jirani na shule, na ajitambulishe kwa mzee wa mtaa na kwa chifu wiki ya kwanza.

Mstaafu mwenye afya, anayependa msikiti wa karibu na siku ndefu: Lamu, na asinunue kitu mwaka wa kwanza. Mstaafu mwenye kisukari au presha ya kupanda na kushuka: Malindi, na Lamu aende kwa Maulidi.

Mwenye karatasi ambazo hazijakaa sawa: Malindi au hata Mombasa, mpaka zikae. Barabara ya Lamu haina subira na hilo.

Wasio Waislamu wanaouliza kama Lamu itawafaa: itawafaa wakiwa watu wa heshima na wakipenda usiku wa mapema. Wanaopenda muziki na kukaa nje hadi saa saba wataishi kwa kujificha, na hakuna haja, Malindi ipo.

Na aliyebaki njia panda asichague akiwa Januari, kaskazi ikivuma na kila mahali pakipendeza. Aje Mei. Akodi Malindi, kisha apande basi akalale Lamu wiki mbili mvua ikinyesha, boti zikiyumba, hoteli za Malindi zikiwa zimefungwa. Mji atakaouvumilia wakati huo, akatafute mtaa humo. Mkataba wa kwanza uwe wa miezi mitatu, uwe wa kuandikwa, na jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo atakayoulizwa popote atakapotakiwa kuonyesha anakoishi.